Mzigo Ulio Juu ya Kichwa: Kuchagua na Kutumia kwa Usalama Winchi na Kreni za Boriti Kiwandani

Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani ambazo mmoja wao au zaidi hufanya kazi katika kiwanda, ghala, karakana au machinjio ambamo mizigo huinuliwa kwa winchi iliyotundikwa kwenye boriti ya chuma. Kinamhusu anayeshika kidhibiti, anayefunga mzigo, na anayepita tu karibu akiwa na kazi nyingine. Kinawahusu pia wanaosubiri nyumbani, maana mara nyingi wao ndio wa kwanza kusikia kwamba jambo fulani kazini halikuwa sawa.

Miongoni mwa wasomaji wapo waliokwisha kuitumia winchi ya mnyororo kabla ya kufika nchi hii. Fundi wa magari kutoka Bukavu, Kigoma au Mombasa anajua jinsi injini inavyong'olewa kwa winchi iliyofungwa kwenye tawi nene la mti au kwenye nguzo tatu zilizounganishwa vichwa. Ujuzi huo ni mali. Hata hivyo, kiwandani mzigo ni mzito zaidi, unasafiri juu ya sakafu yenye watu wengi, na anayeuinua huenda hakuwapo siku vifaa vilipofungwa. Yale ambayo fundi wa kijijini aliyaona kwa macho yake mwenyewe, mfanyakazi wa kiwandani analazimika kuyasoma kwenye vibati na kuyauliza.

Namba iliyoandikwa kwenye winchi si jibu lote

Kila winchi halali huwa na namba inayoonyesha uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kuinua, na namba hiyo hutakiwa kusomeka kutoka sakafuni. Watu wengi huisoma, wakaridhika. Hapo ndipo hatari inapojificha. Uzito wa mzigo haushii kwenye winchi: hupita kwenye mkanda au mnyororo uliofungia mzigo, ukaingia kwenye kulabu, ukapanda kwenye winchi, kisha kwenye toroli au kibano kinachoishikilia winchi, kisha kwenye boriti, na mwisho kwenye nguzo na jengo lenyewe. Sehemu iliyo dhaifu kuliko zote katika njia hiyo ndiyo inayoamua. Ikiwa winchi ni ya tani 2, toroli ni la tani 1, na boriti imeandikwa nusu tani, basi mahali hapo huinuliwa nusu tani tu, hata kama winchi ni mpya na inang'aa.

Boriti isiyo na maandishi yoyote haina uwezo unaojulikana. Huenda iliwekwa ili kubeba paa pekee. Kukadiria kwa macho hakutoshi, na kauli ya "tumekuwa tukiitumia miaka yote" haitoshi pia. Anayeweza kusema boriti inabeba kiasi gani ni mhandisi aliyepiga hesabu ya jengo lile. Jambo hili linafaa kukumbukwa hata nyumbani. Mbao za paa la gereji ya nyumba za Marekani hujengwa ili kubeba paa, na mahali pengine theluji iliyo juu yake. Hazikujengwa ili kuning'iniza injini ya gari. Kwa kazi hiyo, kreni ndogo ya sakafuni yenye magurudumu, ambayo hupatikana kwa kukodi, ni salama zaidi.

Lipo pia suala la tani yenyewe, ambalo huwapotosha hasa waliozoea kilo. Tani ya Marekani ni paundi 2,000, yaani karibu kilo 907. Tani ya kilo 1,000 ni karibu paundi 2,205. Kwa hiyo mzigo ulioandikwa kilo 1,000 kwenye kasha lililotoka nje ya nchi unazidi uwezo wa winchi iliyoandikwa "1 TON" kwa paundi zipatazo 200. Tofauti hiyo si ndogo.

Uzito usioandikwa unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Kila futi moja ya mraba ya bamba la chuma lenye unene wa inchi 1 ina uzito wa karibu paundi 41. Bamba la futi 4 kwa futi 8 lenye unene huo hufikia paundi 1,300, ingawa limelala sakafuni kama mlango tu. Pipa la galoni 55 likijaa maji hubeba paundi 460 kabla ya kuhesabu pipa lenyewe. Minyororo, kulabu za ziada na fremu inayowekwa kati ya kulabu na mzigo nazo huhesabiwa, kwa kuwa winchi haibagui kipi ni bidhaa na kipi ni kifaa.

Kifaa kipi kwa kazi ipi

Anayechagua kifaa kwa kawaida ni mwajiri, lakini mfanyakazi anayeelewa sababu ya uchaguzi ndiye hutambua mapema kifaa kinapopewa kazi isiyo yake.

Kibano cha boriti hushika bapa la chini la boriti na kukaa palepale. Kinafaa pale ambapo mzigo hupanda na kushuka mahali pamoja tu. Toroli lina magurudumu yanayotembea juu ya bapa hilo, hivyo mzigo husafiri kwa mstari mmoja. Kreni ya mkono, iliyofungwa kwenye nguzo au ukutani, huzunguka na kuhudumia eneo la duara karibu na mashine moja. Kreni ya daraja, inayotembea juu ya reli mbili zilizo pande mbili za jengo, hufika karibu kila pembe ya karakana.

Toroli linahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko linavyopata. Boriti za chuma si za aina moja: nyingine zina bapa lililonyooka, nyingine bapa lake huwa nene karibu na katikati na jembamba ukingoni. Magurudumu ya toroli lazima yalingane na umbo hilo, na upana wa toroli lazima urekebishwe ulingane na upana wa bapa. Nafasi ikizidi kile alichoruhusu mtengenezaji, gurudumu linaweza kuteleza na kutoka kwenye ukingo, na mzigo wote ukaja chini. Aidha, kila mwisho wa boriti uwe na kizuizi kilichokazwa. Boriti isiyo na vizuizi ni barabara iliyokatika ghafla.

Winchi ya mkono inatosha kwa kazi ya mara chache. Imetengenezwa ivutwe na mtu mmoja. Inapohitaji watu wawili kuvuta mnyororo wake, ama mzigo umezidi ama winchi ina hitilafu, na katika hali zote mbili jibu ni kusimama. Mahali ambapo mizigo huinuliwa mfululizo kutwa nzima hufaa winchi ya umeme au ya upepo. Watengenezaji huzigawa winchi za umeme katika madaraja kuanzia H1 hadi H5, kulingana na wingi na uzito wa kazi. Ya H2 iliyokusudiwa kazi nyepesi ikitumikishwa zamu tatu itachoka mapema, nayo breki huwa miongoni mwa vinavyochakaa. Winchi nyingi za umeme zina kleachi inayoteleza mzigo unapozidi. Hicho ni kinga ya dharura, wala si mizani ya kupimia. Vivyo hivyo swichi inayoizuia kulabu isigonge juu: ipo kwa ajili ya kuokoa, si kwa ajili ya kusimamishia kazi kila siku.

Pembe inayoongeza uzito

Hakuna jambo linalowashangaza wafanyakazi wapya kuliko hili, na hakuna linalofaa zaidi kufundishwa mapema. Mzigo wa paundi 2,000 ukifungwa kwa mikanda miwili iliyonyooka wima, kila mkanda hubeba paundi 1,000. Mikanda hiyo ikikutanishwa kwenye kulabu moja na kulala kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila mmoja hubeba karibu paundi 1,155. Kwa nyuzi 45, hubeba paundi 1,414. Kwa nyuzi 30, kila mkanda hubeba paundi 2,000 kamili, yaani kana kwamba mzigo wote umening'inizwa kwenye mkanda mmoja. Mzigo haukubadilika, bali mikanda ilitandazwa mno. Kwa hiyo mkanda mfupi uliovutwa kwa nguvu hadi ukalala juu ya mzigo ni dalili ya hatari. Mkanda mrefu zaidi, au fremu ya kutenganishia, hurudisha pembe mahali pake.

Kulabu nayo iwe juu ya kitovu cha uzito. Ikiwa pembeni, mzigo utabembea mara unapoachana na sakafu, ukimfuata aliyesimama upande ule. Ndiyo maana mwinuaji mzoefu huupandisha mzigo inchi chache tu, husimama, hutazama kama umelala sawa na kama breki inashika, kisha ndipo huendelea. Winchi haitumiwi kuburuta mzigo kwa upande. Mnyororo wa winchi wenyewe hauzungushwi kwenye mzigo. Kazi hiyo ni ya mikanda na minyororo iliyotengenezwa kwa kufungia.

Ukaguzi kabla ya zamu

Mikanda na minyororo ya kufungia hutakiwa kukaguliwa kila siku kabla ya kutumika. Hiyo ni kanuni ya OSHA, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia usalama na afya kazini. Ukaguzi wa kweli huchukua dakika chache na hufanywa kwa macho na kwa mikono iliyovaa glavu.

Kulabu iliyopanuka mdomo imekwisha kubeba kupita kiasi. Kanuni ya OSHA kuhusu kreni za daraja hutaka kulabu iondolewe ikiwa mdomo umepanuka kwa zaidi ya asilimia 15, au imejipinda kwa zaidi ya nyuzi 10, au ina ufa. Watengenezaji wengi hutaka iondolewe mapema zaidi ya hapo. Kilimi cha kulabu, kile kinachofunga mdomo ili mkanda usichomoke, kisiwe kimevunjika wala kufungwa kwa waya kikae wazi. Kamba ya waya ya kufungia mzigo huondolewa ikionekana nyuzi 10 zilizokatika zikiwa zimetawanyika katika urefu wa msokoto mmoja, au 5 katika uzi mkuu mmoja. Mkanda wa kitambaa huondolewa ukiwa na mpasuko, mshono uliofumuka, alama ya kuungua, au ukiwa hauna lebo inayosomeka. Mkanda usio na lebo hauna namba, na usio na namba hautumiki.

Kwa wale wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama na vyakula, ipo tahadhari ya pekee. Mikanda ya nailoni huharibiwa na asidi, na mikanda ya poliesta huharibiwa na magadi makali. Wafanyakazi wa zamu ya usiku husafisha mashine kwa dawa za aina hizo. Mkanda ulioachwa ukining'inia wakati wa kuosha unaweza kupoteza nguvu bila kuonyesha jeraha kubwa, nao hukabidhiwa kwa zamu ya asubuhi ukiwa msafi na dhaifu. Mikanda ya aina zote mbili haifai mahali penye joto linalozidi nyuzi 180 za Farenhaiti. Kabla ya usafi kuanza, mikanda itolewe na kuwekwa mbali.

Baada ya vifaa vya kufungia, winchi hujaribiwa ikiwa tupu: juu, chini, kushoto, kulia, kitufe cha kuzima, na swichi ya kikomo. Kitufe kilichobonyezwa kikielekeza kulabu upande usio wake ni sababu tosha ya kuacha kazi na kuita fundi. Kifaa kibovu huwekewa kibandiko cha kukikataza na kuondolewa mahali pa kazi. Kukirudisha pembeni ukutani, kwa matumaini kwamba wengine watajua, ni kumtegea mtu wa zamu ijayo.

Mahali pa kusimama, na ishara za mikono

Hakuna anayepita wala kusimama chini ya mzigo, na mwendeshaji haupitishi mzigo juu ya vichwa vya watu. Hilo hujulikana na wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba wengi huumizwa pembeni, si chini: mzigo unapobembea na kumbana mtu dhidi ya ukuta, mashine au rundo la bidhaa. Kabla ya kuinua, kila aliye karibu ajue atakimbilia wapi. Mzigo mrefu huongozwa kwa kamba kutoka mbali, pasipo kusukumwa kwa kifua. Vidole huumia pale mkanda unapokazwa, hivyo mikono hutolewa kabla mwendeshaji hajabonyeza kitufe. Mtu hapandi juu ya mzigo wala kwenye kulabu, hata kwa umbali mfupi.

Kelele za kiwandani huifanya lugha ya mikono kuwa lugha kuu, nayo ina msamiati wake. Kidole cha shahada kikielekezwa juu, mkono ukizungushwa polepole, maana yake ni "pandisha". Kidole kikielekezwa chini na kuzungushwa ni "shusha". Mkono ulionyooshwa, kiganja kikitazama chini na kupelekwa huku na huko kwa usawa, ni "simama". Hapa inafaa kukumbuka kwamba watu wa Afrika Mashariki humwita mtu kwa kiganja kinachotazama chini na vidole vinavyopunga. Mwendeshaji aliyelelewa kwingine anaweza kudhani anaambiwa ashushe. Heri wenzi wa kazi wakubaliane kwanza, sakafuni, kabla mzigo haujapanda. Mtu mmoja tu ndiye hutoa ishara. Lakini ishara ya kusimama hutiiwa hata ikitoka kwa mtu mgeni kabisa.

Mafunzo, saini na lugha

Mara nyingi mfanyakazi mpya hupewa karatasi kwa Kiingereza na kuonyeshwa mahali pa kutia saini. Karatasi ile huenda inasema kwamba amefundishwa kutumia kreni. Msimamo wa OSHA ni kwamba mafunzo ya usalama yanayotakiwa na kanuni zake lazima yatolewe kwa lugha na kwa namna ambayo mfanyakazi anaielewa. Asiyeelewa anayo haki ya kuomba mkalimani kabla ya kutia saini, na kuomba huko hakumfanyi mtu mzembe wala mkaidi. Aliyeletwa na wakala wa ajira naye analindwa: wakala na kiwanda chenyewe hushiriki wajibu wa usalama wake.

Vijana wa umri wa chini ya miaka 18 wana kinga zaidi. Katika kazi zisizo za shambani, sheria ya shirikisho huwakataza kuendesha kreni na winchi zinazoendeshwa kwa nguvu za mashine, na hata kusaidia katika uinuaji huo. Mzazi ambaye mwanawe amepata kazi ya likizo kiwandani anafaa kumwuliza kwa kina amepangiwa kufanya nini.

Mfanyakazi akiona hatari, humweleza msimamizi na kuomba irekebishwe. Ikiwa hatari ni ya kifo au jeraha kubwa, iko mbele yake, hakuna muda wa kumwita mkaguzi na mwajiri amekataa kuirekebisha, anaweza kukataa kazi ile kwa nia njema. Katika hali hiyo huomba kazi nyingine na kubaki mahali pa kazi mpaka aambiwe na mwajiri aondoke. Akiondoka mwenyewe, ulinzi wake hupungua.

Mtu anapoumia

Aliyebanwa na mzigo havutwi kwa nguvu. Mashine isimamishwe, watu wasogee, na 911 ipigwe. Anayepiga anaweza kusema neno "Swahili" ili aunganishwe na mkalimani. Watoto wasitumiwe kutafsiri maneno ya daktari kwa mzazi aliyejeruhiwa; hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho hutakiwa kutoa mkalimani bila malipo.

Mkono au mguu uliobanwa huweza kuonekana mzima kwa nje, mtu akarudi nyumbani akitembea. Jamaa za nyumbani wawe macho usiku ule. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kiungo kinachokaza na kuvimba, ganzi, au vidole vinavyopauka na kuwa baridi ni dalili za dharura. Damu inaweza kuwa haifiki kwenye misuli, na saa chache za kuchelewa huweza kugharimu kiungo chenyewe. Kumkanda kwa maji ya moto na kusubiri asubuhi si tiba.

Jeraha huripotiwa kwa msimamizi siku ileile, kwa maandishi ikiwezekana, hata kama linaonekana dogo, kwa kuwa fidia ya walioumia kazini hutegemea taarifa ya mapema. Mwajiri naye hutakiwa kuijulisha OSHA kifo ndani ya saa 8, na kulazwa hospitali, kukatika kiungo au kupoteza jicho ndani ya saa 24.

Simu ya OSHA ni 1-800-321-6742. Haitozwi malipo, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili na kuomba jina lake lisitajwe kwa mwajiri. Baadhi ya majimbo, kama Kentucky, Iowa, Minnesota na Arizona, yana ofisi zao za usalama kazini, na simu hiyohiyo humwelekeza mtu kunakohusika. Ulinzi huu ni wa kila mfanyakazi, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Aliyefukuzwa au kupunguziwa saa kwa sababu ya kulalamika kuhusu usalama huwa na siku 30 tu, tangu siku ya tukio, za kuwasilisha malalamiko yake kwa OSHA.